Simba Aliyeitwa Mpole

Mtaa mzima ulijua kwamba Bi Jasiri haogopi kitu. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye mwendo wa taratibu, na kila mwisho wa wiki alasiri aliingia ndani ya kizimba cha simba mbele ya umati, akaketi kwenye kigoda, akamkuna yule mnyama chini ya kidevu kama mtu anavyomkuna paka wa jikoni. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Lilitoka kwenye kipaza sauti cha bustani ya wanyama alikofanya kazi, likamfuata sokoni, likamfuata nyumbani, mwisho hata mumewe akawa analitumia alipotaka kumtania.

Mwenyewe alijua ukweli wake. Hofu ilianza kumpanda Ijumaa jioni, akiwa bado anaosha vyombo, ikapanda pole pole kama homa. Kesho yake asubuhi chai haikupita kooni. Ilipofika saa ya kuingia kizimbani alikuwa amekwenda chooni mara kadhaa na viganja vimelowa, akavipangusa kwenye gauni la rangi ya dhahabu alilovalishwa kwa ajili ya maonyesho. Akishatoka, alikaa nyuma ya banda la nyama mpaka umati utawanyike. Kisha akaenda nyumbani na kupika kama watu wengine.

Kazi hiyo hakuiomba. Alikuwa ameajiriwa kuosha vyombo katika mkahawa wa bustani. Siku moja likaletwa sanduku la mbao lililotobolewa matundu, na ndani yake mtoto wa simba mwenye matongo machoni, analia kama kichanga chenye njaa. Mama yake yuko wapi, hakuna aliyejua, na kama kuna aliyejua hakusema. Mwenye bustani, ambaye wafanyakazi walimwita Mkurugenzi ingawa aliongoza nyani wengi kuliko watu, akauliza ni nani pale mwenye uzoefu wa kulea. Wenzake wakamgeukia yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa ametoka uzazini. Akapewa chupa ya maziwa na kitambaa. Kile kitoto kilinyonya kimefumba macho, huku kucha zake zikikanda aproni yake, na yeye, ambaye kitindamimba wake alikuwa nyumbani anasubiri kunyonya vile vile, akaona huruma imemjaa kifuani hata maziwa yakamtoka. Alimsimulia mumewe jambo hilo kwa aibu. Mumewe, fundi cherehani aliyeshonea barazani kwake, aliacha kukanyaga pedali akacheka.

"Wenzangu nao huoa mwanamke akaja na mtoto wa nje," alisema, "lakini angalau mtoto mwenyewe ana miguu miwili."

Simba akaitwa Mpole. Akakua akimfuata Bi Jasiri kila alikokwenda, akilala juu ya miguu yake jikoni mwa mkahawa, mpaka wateja walipoanza kulalamika na akajengewa kizimba. Binti wa Bi Jasiri, waliyekuwa wakimwita Kitinda, alikua akisikia habari za simba huyo na akawa anamwita kaka. Alimchora ukutani kwa mkaa, akamwekea viazi uvunguni mwa kitanda, akawaambia watoto wenzake kwamba yeye na simba wamenyonya pamoja, jambo ambalo halikuwa mbali sana na kweli.

Mpole alipoanza kuota manyoya ya shingoni, Mkurugenzi akaona kwamba simba wa kulala tu hamvuti mtu. Akaletwa mwalimu. Mwalimu alikuwa mtu wa maneno machache, na fimbo yake ilikuwa ya chuma, yenye waya. Bi Jasiri aliamriwa asimame pale pale, simba amwone, atulie. Kwa muda wote wa mafunzo yale Mpole alijifunza kupanda juu ya pipa, kukaa, kufungua kinywa na kukiacha wazi mkono wa mtu uingie na kutoka. Alijifunza pia kujikojolea akisikia chuma kikigonga chuma. Mwalimu alipoondoka alimwachia Bi Jasiri ushauri mmoja: siku ya maonyesho mnyama asile mpaka amalize kazi, kwa sababu mwenye njaa ndiye msikivu.

Basi ikawa hivyo. Siku za kawaida Bi Jasiri alimletea ndoo ya mapafu na vichwa vya ng'ombe, akafagia vumbi la mbao, akamwaga dawa kwenye saruji. Alimwona akitembea. Kona hadi kona, geuka. Kona hadi kona, geuka. Saruji ilikuwa imelainika pale alipopita, na begani, upande ule uliosugua nondo wakati wa kugeuka, manyoya yalikuwa yameisha, pamebaki ngozi nyeusi yenye kung'aa. Wageni wakipiga makofi, masikio yake yalilala. Mtoto akipasua puto, alichuchumaa. Bi Jasiri alianza kuelewa kwamba mle ndani walikuwa waoga wawili, kila mmoja anamwogopa mwenzake, na wote wawili wanawaogopa watu walioko nje.

Hata hivyo hofu ya kweli ilikuja siku moja ambayo wageni hawakuona chochote. Ilikuwa katikati ya maonyesho. Kamba ya kiatu chake ilikuwa imefunguka, naye akainama kuifunga, mgongo ameuelekeza kwa simba. Nyuma yake kulikuwa na ule mkwaruzo wa nyayo aliouzoea, kona hadi kona. Kisha mkwaruzo ukakoma.

Nywele za shingoni zikamsimama kabla akili haijajua ni kwa nini. Aligeuza kichwa taratibu. Mpole alikuwa amelala kwa tumbo, mabega yamepanda, ncha ya mkia inacheza, na macho yake yametulia juu ya kisogo cha Bi Jasiri. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Angenguruma, angejua la kufanya. Lakini uso ule ulikuwa mtulivu kama wa mtu anayesoma. Akasimama wima, akaanza kumsemesha kwa ile sauti ya zamani ya wakati wa chupa. Simba akapepesa macho, akakaa kitako, akalamba pua. Watu wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya mchezo.

Alikwenda kwa Mkurugenzi siku hiyo hiyo, gauni la dhahabu bado mwilini. Mkurugenzi alimsikiliza huku akichokonoa meno. Alimwambia kwamba amechoka, apumzike kesho asubuhi, aje mchana. Alimkumbusha kwamba simba huyo amekulia mapajani mwake. Bi Jasiri alipoomba maonyesho yasimame, au angalau afanye akiwa nje ya nondo, Mkurugenzi alicheka kwa upole, akasema simba wa kutazamwa kupitia nondo tu hata kwenye kalenda yupo.

Akamwendea daktari wa mifugo, kijana aliyekuja kila baada ya muda kuwachoma sindano nyani. Daktari alimwambia bila kuzunguka.

"Mpole hajawa mbaya, mama. Amekuwa simba tu. Na hicho kizimba kinamla akili. Nimeshamwambia mwenye mali, akanijibu nishughulike na sindano zangu."

"Sasa nifanye nini?"

"Usiingie."

Ilikuwa rahisi kusema. Akikataa kuingia, atamwaga unga, na macho ya mumewe yalikuwa yameanza kumpotea kiasi cha kushona mfuko upande usio wake. Lakini si hilo tu. Bi Jasiri alijua kwamba akiondoka, ataingizwa mwingine asiyemjua yule mnyama, mwenye fimbo ya chuma mkononi, na siku hiyo mmoja wao hatatoka hai. Akajikaza. Hakumwambia mumewe. Alipoulizwa mbona anakonda, alijibu ni presha.

Hofu haikubaki bustanini. Aligeuza jiko ili apike ameuelekea mlango. Sokoni alitembea akiwa ameegemea kuta. Jioni moja Kitinda alimjia mbio kwa nyuma amkumbatie kiuno, na Bi Jasiri akageuka na mwiko juu, uso wake ukiwa uso ambao mtoto hajapata kuuona. Mwiko uliishia hewani. Mtoto akaduwaa, kisha akaanza kulia kimya kimya, bila sauti, na mama yake akachuchumaa pale sakafuni akimwomba radhi. Fundi alitokea mlangoni na sindano mdomoni. Aliwatazama wote wawili, na tangu siku hiyo alikuwa akikohoa kabla ya kuingia chumba alichomo mkewe.

Shule zilipofungwa, Mkurugenzi akaja na jambo jipya. Alitaka mtoto mmoja kutoka kwa watazamaji aingie kizimbani, akae juu ya kigoda kando ya Mpole, apigwe picha. Bi Jasiri alikataa. Alikataa waziwazi, mbele ya wafanyakazi wengine, hata yule mzee wa lango waliyemwita Babu akainamisha kichwa asicheke. Mkurugenzi akasema sawa, hakuna tatizo, kama hataki basi.

Asichojua Bi Jasiri ni kwamba Mkurugenzi aliagana naye kisha akakutana na wifi yake. Wifi huyo, dada wa mumewe, alipenda bustani ile kupita kiasi, kwani pale kila mtu alijua yeye ni wifi wa nani. Alipoambiwa kwamba mtoto mwenyewe atakuwa Kitinda, binti wa Bi Jasiri, ili watu waone simba ni ndugu wa familia, alifurahi hata akasahau kuuliza kama mama yake anajua.

Siku ilipofika, mabenchi yalijaa. Bi Jasiri aliingia, akafunga mlango wa ndani nyuma yake, akasikia mnyororo wa Babu ukipita kwenye pete. Kizimba kilikuwa na milango miwili, na katikati kijichumba kidogo cha mtu kusimama. Mpole alikuwa juu ya pipa. Tumbo lake lilikuwa limeingia ndani kwa njaa. Bi Jasiri alimpitishia mkono kinywani, akautoa, akasikia makofi, akahesabu kimoyomoyo yaliyobaki: kidevu, kigoda, kuinama, basi.

Ndipo kipaza sauti kikasema kwamba leo kuna mgeni wa heshima.

Aliona gauni la njano kabla hajaona uso. Gauni lile mumewe alilishona kwa mabaki ya kitambaa cha bibi harusi fulani, na yeye mwenyewe ndiye aliyelishikiza vifungo. Kitinda alikuwa anapita katikati ya watu akiwa ameshikwa mkono na shangazi yake, anatabasamu meno yote. Mlango wa nje ukafunguliwa. Mtoto akaingia kijichumbani, akasimama, akashika nondo za mlango wa ndani kwa mikono miwili.

"Kaka," akaita.

Mpole akageuza kichwa.

Bi Jasiri aliona masikio yakisogea mbele. Aliona mboni zikipungua. Simba akateremka kutoka kwenye pipa pasipo kuamriwa, mguu mmoja, mwingine, bila kishindo chochote, na tumbo lake likaanza kushuka kuelekea chini. Mwili wa Bi Jasiri ulitaka kupiga yowe na akauzuia. Ulitaka kukimbilia mlangoni, akauzuia. Alisogea pole pole mpaka akawa katikati, kati ya simba na gauni la njano, na uso ameuelekeza kwa simba.

"Babu," alisema kwa ile sauti ya chupa, "usifungue mlango wa ndani."

Kipaza sauti kikacheka. Kikasema Bi Jasiri ni mcheshi leo, na Babu afungue, watu wanasubiri. Watu wakacheka. Bi Jasiri alisikia mnyororo ukigusa pete, akajua mkono wa mzee uko juu yake, na mzee hajui amtii nani.

"Mimi naogopa," akasema, sasa kwa nguvu, ili wasikie hadi mabenchi ya nyuma. "Simba huyu namwogopa. Namwogopa kila siku ninayoingia humu. Ana njaa, na huu si mchezo. Mwanangu atolewe, lakini asikimbie."

Kicheko kilikatika mbele kwanza, kisha nyuma, kama mvua inayoacha mapaa moja baada ya jingine. Katika ukimya ule Babu aliuacha mnyororo wa mlango wa ndani ulivyo, akafungua mlango wa nje, akanyoosha mkono. Lakini mtoto hakuwahi kumsikia mama yake akisema anaogopa. Neno lile lilimtisha kuliko simba. Akageuka akakimbia.

Bi Jasiri hakuona simba akiruka. Aliona tu kwamba mwanga umezibika, kisha saruji ikampiga usoni, na kitu kizito kikampitia juu kama gunia linalotupwa kutoka garini. Nondo za mlango zililia. Bega lake lilikuwa la moto, kisha likawa baridi, na gauni la dhahabu likawa limelowa. Nje watu walipiga mayowe, mabenchi yakaanguka, chuma kikagonga chuma.

Alipoinua uso alimwona Mpole. Alikuwa amejibanza kwenye kona ya mbali, nyuma ya pipa, amejikunja kadiri mnyama mkubwa vile anavyoweza kujikunja, na chini yake dimbwi la mkojo lilikuwa linatambaa kwenye saruji. Alikuwa anatetemeka. Walitazamana hivyo, wote wawili wakiwa chini, mpaka Babu alipofungua mlango wa ndani, akamshika Bi Jasiri kwapani, akamburuta nje. Simba hakusogea.

Hospitalini alishonwa nyuzi nyingi. Fundi, ambaye maisha yake yote alishona, hakuweza kutazama. Kitinda alilala kwa shangazi, hakutaka kusema na mtu. Wifi alikuja na uso umevimba kwa kulia, akakaa pembeni ya kitanda, na Bi Jasiri akamwacha akae.

Kisha akaja Mkurugenzi na mfuko wa machungwa. Alisema maneno ya pole, akavuta kiti, akaeleza kwamba watu wataulizauliza, na lingekuwa jambo la busara mgonjwa akumbuke kwamba aliteleza. Akaongeza kwamba asiwe na wasiwasi tena, simba atapigwa risasi, maana ameshaonja damu.

"Ukishampiga risasi," Bi Jasiri aliuliza, "utaleta mwingine?"

"Watu wanataka simba, mama. Nitawapa kuku?"

Mkono ulimuuma Bi Jasiri, na bado alikuwa anaogopa, akimwogopa hata Mkurugenzi, kwa sababu ni mwajiri wake na ni mtu mwenye watu. Akamwambia kwamba hakuteleza, na atakayeuliza ataambiwa hivyo. Mkurugenzi aliondoka, machungwa akayaacha.

Hata hivyo hapakuwa na mengi ya kuuliza. Nusu ya waliokuwa kwenye mabenchi walikuwa wameinua simu zao. Maneno ya Bi Jasiri, na amri ya kipaza sauti ya kufungua mlango, yalizunguka kila mahali kabla kidonda hakijaanza kukauka. Daktari naye akaandamana na maofisa wa wanyamapori kwenda bustanini, wakamkuta Mpole bado kwenye kona ile ile, hajagusa nyama. Walimlaza usingizi kwa sindano, wakampakia kwenye lori, wakampeleka sehemu ya mbali yenye uzio, wanakotunzwa wanyama ambao porini hawawezi kurudi. Hajui kuwinda, daktari alieleza, na hataweza kujifunza. Bustani ilifungwa, ikatiwa faini, na baadaye ikafunguliwa tena na nyani wake na mamba mmoja aliyenunuliwa sijui wapi. Watu wanakwenda.

Mkono wa Bi Jasiri haukuinuka tena kupita sikio. Alianza kazi barazani kwa mumewe, akishikiza vifungo na kukunja pindo. Siku moja Fundi alisimamisha cherehani.

"Ulikuwa unaniambia presha," alisema.

"Ningekuambia kweli ungenizuia."

"Ningekuzuia, ndiyo."

"Basi ndiyo maana."

Fundi akakanyaga pedali.

Hofu haikuondoka pamoja na simba. Ilimbakia mwilini kama maji sikioni. Mlango ukibamizwa, roho ilimruka. Kitinda ndiye aliyepona kwanza, na ndiye aliyeanza kuuliza kama kaka yake anakula vizuri. Aliuliza mara nyingi mpaka daktari akajitolea kuwapeleka.

Walifika asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Bi Jasiri alikuwa anatarajia kizimba kikubwa, kama alivyosimulia baadaye, lakini hapakuwa na kizimba. Palikuwa na uzio mrefu uliopotea kwenye kichaka, na nyasi za kimo cha kifua, na ukimya. Mlinzi aliwaambia kwamba Mpole yupo, amenenepa, ila hapendi watu, na siku nyingi haonekani kabisa. Hapa haitwi, alisema, akitaka kuja huja mwenyewe. Kitinda alitaka kumwita hata hivyo. Mama yake akamwekea mkono kichwani, naye akanyamaza.

Wakasimama. Upepo ulipita. Mahali fulani, si mbali sana, nyasi zilitikisika upande usiokuwa wa upepo, zikatulia, zikatikisika tena karibu zaidi. Bi Jasiri alihisi ile baridi ya kisogoni, ile ile.

"Ndiye?" Fundi alinong'ona. Kwa macho yake mabovu alikuwa haoni kitu, akapiga hatua kuelekea uzio.

Bi Jasiri alimshika shati kwa mkono wake mzima.

"Sijui," alisema. "Rudi nyuma. Turudi nyuma sote."

Wakarudi nyuma, mtoto katikati yao, wakingoja mbali na uzio mpaka nyasi zilipotulia, na hakuna kilichotokeza.